Kujitolea na afya yako: anayesaidia naye anapata nini?

Kila tunapotangaza redioni kwamba kuna siku ya msaragambo, iwe ni kusafisha ndiva, kuzibua mfereji au kusomba mawe ya zahanati, tunapokea ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza unauliza saa na mahali pa kukutana. Wa pili unauliza: "Mimi nikienda nafaidika na nini?"

Swali hilo la pili si la uvivu. Mtu mwenye shamba linalosubiri palizi na watoto wanaosubiri madaftari ana haki ya kuuliza jasho lake linakwenda wapi. Jibu tulilozoea ni kwamba maji yatafika shambani na mgonjwa hatatembea mbali tena. Hilo ni kweli. Lakini kuna jibu jingine ambalo hatulisemi vya kutosha, nalo linahusu mwili na akili ya huyo anayejitolea.

Kabla ya kwenda mbali, tusahihishe maneno yetu wenyewe. Katika kipindi kimoja cha asubuhi tulisema "kujitolea kunashusha presha", tukaishia hapo. Wimbo uliofuata haujaisha, mama mmoja akapiga simu. Yeye anapika kwenye misiba, yumo kwenye kamati ya maji na anafagia kanisani kila Jumamosi. Akauliza: je, anaweza sasa kupumzika vidonge vya presha alivyoandikiwa na daktari?

Jibu ni hapana, na tulimpa papo hapo hewani. Lakini kosa lilikuwa letu, maana tulisema nusu ya habari. Katika makala haya tunaeleza kinachojulikana kuhusu kujitolea na afya, kinakofikia, na mahali pa kuwa mwangalifu.

Kujitolea ni nini, na nini siyo

Kujitolea ni kutoa muda wako, nguvu zako au ujuzi wako kwa faida ya wengine, kwa hiari, bila kulipwa mshahara. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 5 Desemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Watu Wanaojitolea, uamuzi uliopitishwa mwaka 1985. Lakini sisi tulio Upareni tulikuwa na msaragambo kabla ya hapo. La mgambo likilia kuna jambo, na jambo lenyewe huwa ni la wote: ndiva imejaa tope, mfereji umeziba, au mjane hana mtu wa kumwezekea nyumba. Kenya wana harambee, na Rwanda wana umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Hapa lazima tuseme ukweli mmoja. Vijiji vingi vimeweka sheria ndogo kwamba asiyefika kwenye msaragambo analipa faini. Kazi ya namna hiyo ni wajibu wa mwanakijiji, na ni wajibu mzuri. Lakini utafiti tutakaoueleza hapa chini ulifanywa kwa watu waliochagua wenyewe kusaidia. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba kujitolea kunaanzia pale faini inapoishia: unapobaki saa moja zaidi kumsaidia mzee kumaliza kipande chake, au unaporudi siku ambayo hakuna aliyekuita.

Watafiti wameona nini

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wenye umri wa miaka 51 hadi 91 ambao mwanzoni hawakuwa na presha. Baada ya miaka 4, wale waliokuwa wamejitolea saa 200 au zaidi kwa mwaka walipata presha kwa uchache kuliko wasiojitolea. Matokeo hayo ndiyo yaliyotufanya tuseme tulichosema hewani.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 2020 ulitoka uchunguzi mwingine mkubwa zaidi, wa watu karibu 13,000 wa Marekani wenye umri zaidi ya miaka 50. Waliojitolea walau saa 100 kwa mwaka walikuwa na hatari ndogo ya kufariki katika miaka iliyofuata. Walifanya mazoezi ya mwili zaidi, walikuwa na shida kidogo ya kutembea na kujihudumia, hawakukata tamaa sana, hawakuwa wapweke sana, na waliona maisha yao yana kusudi. Lakini kwa upande wa presha, kisukari, kiharusi na saratani, watafiti hao hawakuona tofauti ya wazi kati ya waliojitolea na wasiojitolea.

Ndiyo maana hatusemi tena kwamba kujitolea kunashusha presha. Uchunguzi mmoja uliona, mwingine haukuona. Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni upande wa moyo kwa maana ya hisia: huzuni kupungua, upweke kupungua, na mtu kujiona bado ana kazi duniani.

Vijana nao walichunguzwa. Huko Vancouver, Kanada, wanafunzi 106 wa sekondari waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walikwenda kila wiki kuwasaidia watoto wa shule ya msingi kwa miezi 2, nusu wakasubiri zamu yao baadaye. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Waliokwenda walionekana kuwa na lehemu kidogo zaidi kwenye damu, uzito nafuu, na dalili chache za uvimbe wa ndani unaohusishwa na maradhi ya moyo. Walionufaika zaidi ni wale ambao huruma yao kwa wengine iliongezeka na hasira na huzuni zao zikapungua.

Na wazee je? Katika mji wa Baltimore, Marekani, wazee wa miaka 60 na kuendelea walipelekwa kwenye shule za msingi kusaidia watoto kusoma, kiasi cha saa 15 kwa wiki. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza habari za kikundi kidogo cha wanawake wazee waliopigwa picha za ubongo kabla na baada ya kazi hiyo. Sehemu za ubongo zinazosaidia kupanga mambo na kutuliza mawazo zilionekana kufanya kazi zaidi kwa wale waliojitolea. Kikundi kilikuwa kidogo, kwa hiyo tusikitangaze kama dawa ya kusahau. Lakini kinatupa sababu ya kutowaacha wazee wetu wakae kibarazani kutwa nzima kana kwamba kazi yao imekwisha.

Jambo moja zaidi la kuwa makini nalo. Mtu mwenye afya njema ndiye anayeweza kubeba jembe kwenda kwenye mfereji. Mgonjwa anabaki nyumbani. Kwa hiyo ukiona wanaojitolea wana afya, huenda ni kwa sababu walikuwa nayo tangu mwanzo. Watafiti hujaribu kuiondoa tofauti hiyo katika hesabu zao, lakini haiondoki yote. Ndiyo maana uchunguzi kama ule wa Vancouver, ambapo bahati nasibu iliamua nani aende na nani asubiri, una uzito wa pekee.

Faida hizo zinapitia wapi

Tukiacha maabara tukarudi kijijini, njia zenyewe si ngeni. Tunaweza kuzitaja nne.

Ya kwanza ni mwili kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za shughuli ya wastani ya mwili kwa wiki. Mkulima kijana anazipata shambani bila kuhesabu. Lakini mwalimu mstaafu, mwenye duka anayekaa kwenye kiti tangu asubuhi, au mama ambaye watoto wamemkataza kulima, hawazipati. Kutembea kwenda kumwona mgonjwa na kurudi, au kumwagilia miti ya shule, kunaihesabu miguu bila mtu kuambiwa "fanya mazoezi".

Ya pili ni kukutana na watu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unadhuru mwili pamoja na akili. Tunazoea kudhani upweke ni ugonjwa wa mjini. Lakini tazama kijijini kwako: kuna baba ambaye watoto wote wako Arusha na Dar es Salaam, simu yake inalia mwisho wa mwezi tu. Kuna mjane ambaye watu walijaa kwake siku za matanga, kisha njia ya kwenda kwake ikaota nyasi. Mtu wa namna hiyo ukimpelekea msaada umefanya vema. Ukimwomba yeye akusaidie, kwa mfano awasimulie watoto wa shule habari za kilimo cha zamani au akuoneshe namna ya kuchagua mbegu, huenda umefanya vema zaidi.

Ya tatu ni kusudi. Kuna tofauti kubwa kati ya kuamka kwa sababu kumekucha na kuamka kwa sababu watu wanakusubiri. Wasikilizaji wengi waliostaafu wametuambia jambo hilohilo kwa maneno tofauti: kilichowaumiza zaidi ya kukosa mshahara ni kukosa mtu wa kuwauliza maoni.

Ya nne ni kuyapumzisha mawazo. Mtu mwenye madeni au msiba akikaa peke yake, akili inazunguka palepale kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Saa mbili za kazi na wenzake, huku utani ukiendelea na uji ukipita, haziliondoi deni. Lakini zinampa akili nafasi ya kushusha pumzi, na usiku analala.

Kiasi gani kinatosha?

Ule uchunguzi wa mwaka 2020 uliona faida kwa walio na saa 100 kwa mwaka au zaidi. Ukizigawa, ni kama saa mbili kwa wiki. Si kiasi cha kumfanya mtu aache shamba lake, wala si kiasi kinachohitaji fedha. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nia nayo ina nafasi yake. Watu waliomaliza sekondari mwaka 1957 katika jimbo la Wisconsin, Marekani, wamefuatiliwa na watafiti maisha yao yote. Mwaka 2004 waliulizwa kama wanajitolea, na kwa nini. Miaka 4 baadaye ilionekana kwamba waliojitolea kwa ajili ya wengine walikuwa na hatari ndogo ya kufariki. Waliojitolea hasa kwa faida yao wenyewe hawakutofautiana na wasiojitolea kabisa.

Hapa pana mtego, nasi tunaukiri. Tunakuandikia makala kuhusu faida unayopata wewe, halafu tunakuambia kwamba anayefuata faida yake haipati. Ushauri wetu ni huu: soma makala, kisha uisahau. Chagua kazi kwa sababu inahitajika na kwa sababu unawajali wale watakaopona shida nayo. Afya ikija, ije kama kivuli, nyuma yako.

Pale kujitolea kunapoumiza

Si kila kitu kinachoitwa kujitolea kinajenga afya. Tunataja hali tatu ambazo wasikilizaji hutuletea.

Kwanza, kuna kijana aliyehitimu chuo, anafundisha au anahudumia wagonjwa kutwa nzima, mwezi hadi mwezi, akiitwa "wa kujitolea" kwa sababu ajira haijatoka. Huyo anafanya kazi ya mwajiriwa bila mshahara, na mawazo ya kodi na chakula yanamla. Tusimwambie kwamba inamjenga afya. Ahadi za posho ziandikwe, saa za kazi zijulikane, na apewe barua ya utambulisho itakayomsaidia kuombea ajira. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walibeba mzigo wa namna hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi unaotaka wahudumu hao wafundishwe rasmi na kulipwa posho. Hilo ni kukiri kwamba moyo wa mtu hauwezi kuwa mshahara wake.

Pili, kuna wanawake. Tukihesabu maji, kuni, kupika, kuuguza wakwe na kulea wajukuu, wengi wao wamekwisha kupita saa mbili kwa wiki kabla ya Jumatatu kuisha. Mama wa namna hiyo akichaguliwa tena kupika kwenye msiba na kufagia zahanati, anaongezewa mzigo tu. Baba akichukua zamu ya kuchota maji ili mama apumzike, hapo ndipo pa kuanzia kujitolea, tena nyumbani.

Tatu, kuna mzigo wa huzuni za watu. Anayesikiliza matatizo ya wengine kila siku naye huchoka moyo. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa benchi la urafiki na bibi 14 wa Mbare, jijini Harare. Bibi hao hukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani mawazo mengi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa walipata nafuu kuliko waliopata huduma za kawaida. Lakini bibi hao hawakuachwa peke yao: walifundishwa, na wana wasimamizi wa kuwarudia. Hata wewe unayezunguka kwa wagonjwa, tafuta mwenzako wa kumweleza yanayokulemea.

Linda mwili wako unapokwenda

• Ukiingia kwenye ndiva, mfereji au maji yaliyotuama, vaa buti za mpira. Kichocho huingia kupitia ngozi.
• Ukikatwa na jembe, msumari au bati, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.
• Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, ujauzito au mgongo unaouma aseme mapema. Kuna kazi ya kuhesabu mifuko, kugawa maji ya kunywa na kuandika mahudhurio. Nayo ni kazi.
• Kunywa maji, pumzika kivulini, na usifunge vidonge vyako kwenye khanga ukavisahau. Saa ya dawa ikifika, meza.

Mahali pa kuanzia

Huhitaji shirika wala fomu. Muulize mwenyekiti wa kitongoji kazi gani imekwama. Muulize mwalimu mkuu kama kuna watoto wa darasa la pili au la tatu ambao bado kusoma kunawashinda. Nusu saa yako mara mbili kwa wiki inaweza kuwavusha. Muulize mhudumu wa afya ni mzee gani anayeishi peke yake.

Njia nyingine ni kuchangia damu. Nchini Tanzania mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kabla ya kutoa, unapimwa uzito, presha na wingi wa damu. Damu yako nayo hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Kwa mtu ambaye hajapima presha tangu mwaka jana, hiyo peke yake ni faida. Na upande wa pili kuna mama anayetoka damu baada ya kujifungua, ambaye hatakujua jina.

Anza na jambo moja dogo unaloweza kulifanya kwa miezi mitatu bila kukosa. Ahadi kubwa inayokufa wiki ya pili inamwacha anayekusubiri akiwa mpweke zaidi ya mwanzo.

Kwa kumalizia

Kujitolea hakuponyi presha, hakubadilishi dozi, wala si badala ya kliniki. Mtu mwenye huzuni isiyoondoka kwa zaidi ya wiki mbili, asiyelala, au anayefikiria kujidhuru, anahitaji mhudumu wa afya mapema, na anahitaji mtu wa kumsindikiza. Lakini kwa wengi wetu, saa mbili za kuwa na faida kwa mtu mwingine zinaweza kupunguza upweke, kuinyoosha miguu na kuirudishia asubuhi maana yake.

Yule mama aliyetupigia simu anaendelea na vidonge vyake, na anaendelea na kamati ya maji. Tulipomuuliza baadaye, kati ya hivyo viwili, kipi kinamsaidia zaidi, alicheka. "Vidonge vinanifanya niwepo," akasema. "Kamati inanifanya nitake kuwepo."

Msikilizaji wetu, wewe kijijini kwako mnasaidianaje, na nani mmemsahau? Tutumie ujumbe mfupi kwa namba unayoisikia kwenye vipindi vyetu. Tutausoma hewani kwa jina ulilochagua wewe.